Kodisha Jukwaa Likiwa Limesimama

Kama unaishi Goba, Madale, Bunju, Kigamboni au Kibaha, kesho asubuhi ukitoka angalia nyumba za ghorofa zinazojengwa jirani yako zimezungushiwa nini. Nyingi utazikuta zimezungushiwa mirunda: miti ya mikaratusi, ile ambayo wenzetu wa Iringa na Njombe wanaiita milingoti, imepigiliwa misumari na kufungwa kamba. Ubao mmoja umelazwa juu yake, na juu ya ubao huo amesimama fundi na ndoo ya saruji. Chini kuna rundo la kokoto na nondo zilizochomoza. Leo nataka tuzungumze kuhusu biashara ya kuiondoa mirunda ile na kuweka majukwaa ya chuma, yale ambayo saiti nyingi wanayaita skafoldi.

Nazungumza na kijana aliyekuwa saidia fundi, aliyeipanda mirunda hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Nazungumza pia na mama au baba aliyepokea kiinua mgongo na anatafuta pa kukiweka kisije kikaliwa chote. Wote wawili wameshaona kwamba ghorofa zinaongezeka na kwamba mwenye vyuma hupigiwa simu. Ningependa waingie bila kufilisika, na bila kumwua mtoto wa mtu.

Wengi wanaoingia humu huanza hivi. Mtu anapata mtaji, anakwenda Gerezani au kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwake, anatengenezewa fremu hamsini, anazirundika kwenye kiwanja na kuning'iniza kibao chenye namba ya simu. Mteja anakuja na kirikuu, anahesabiwa vyuma, analipa cha kwanza, anaondoka. Mwenye vyuma hajafika saiti, hajui ukuta una kimo gani wala nani atapanda. Siku vinaporudi, fremu kadhaa zimepinda, misalaba ya kukazia haitimii, na mbao za kukanyagia zimegeuzwa kuni za mama lishe. Anapiga simu, haipokelewi.

Huyo amekodisha chuma. Ushauri wangu, na huu ndio mzizi wa mazungumzo ya leo, ni kwamba usianze hivyo. Kodisha jukwaa likiwa limesimama: vyuma vyako, usafiri wako hata kama gari ni la kukodi, na vijana wako wa kulifunga, ambao ndio hao hao watakaokuja kulifungua. Mteja alipie ukuta uliozungushiwa jukwaa lililo tayari kupandwa, asilipie vipande.

Najua utakachoambiwa saiti. "Bosi, tupe fremu tu, kufunga tutafunga wenyewe, vijana wapo." Vijana hao ni vibarua wa siku. Leo wanachanganya zege, kesho wanabeba matofali, keshokutwa wanaambiwa wafunge jukwaa la mita tisa na hakuna aliyewaonyesha hata siku moja. Wataacha misalaba ya nyuma kwa sababu inawazuia kupita na ndoo. Mguu mmoja watauegemeza kwenye kipande cha tofali kwa kuwa ardhi imeinama. Ukutani hawatalifunga popote. Likianguka, polisi na wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, watauliza vyuma hivi ni vya nani, na rangi yako iko pale pale juu ya vyuma.

Hesabu ya fedha nayo inaelekea huko huko. Asiyejua kazi, kiungio kikigoma hukipiga nyundo, na kiungio kikishapinda fremu hiyo haiingiliani tena na wenzake. Lakini vijana wako wakifunga na kufungua wenyewe, kila kipande kinapita mikononi mwao mara mbili kwa kila kazi, na weldi iliyoanza kupasuka inaonekana kabla haijapanda tena. Na bei inakuwa nyingine. Wanaokodisha vipande wananyang'anyana wateja kwa shilingi mia mia kwa fremu kwa siku. Wewe ukitoza kwa ukuta, mteja atakulinganisha na gharama ya mirunda, misumari, kamba na siku za vibarua wa kuifunga.

Hapo tumefika kwa mshindani wako wa kweli, ambaye ni mrunda. Usiudharau. Pwani hii imejenga kwa miti karne nyingi. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na Lamu zilipakiwa majahazini hadi nchi za Ghuba, na upana wa vyumba katika nyumba zetu za mawe ulifuata urefu wa boriti. Hata London walipanda juu kwa miti na kamba mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo Daniel Palmer-Jones alipotoa kifaa cha kufungia jukwaa kilicho imara kuliko kamba, na mwaka 1913 vifaa vyake vikatumika katika ukarabati wa Buckingham Palace. Kwa nyumba ya chini, mrunda utakushinda. Mwenye nyumba anaununua mara moja, anaupigia plasta, anaegemezea paa, mwisho anaupikia. Usipoteze mafuta ya gari kumfuata. Chuma kinaanza kushinda ghorofa ya kwanza kwenda juu, kwa sababu huko mirunda inabidi iungwe mmoja juu ya mwingine kwa misumari, na fundi mwenyewe anaanza kuogopa. Msikiti wenye mnara, kanisa lenye dari la juu, ghala linalopakwa rangi, jengo linalobandikwa vioo na alumini, wote hao ni wateja wako.

Sasa tufanye hesabu ya ukuta mmoja, maana hapa watu huingia kwa kukisia. Chukua ukuta wa urefu wa mita 12 na kimo cha mita 6 na nusu, ghorofa moja ya kawaida. Fremu inayotengenezwa sana ina kimo cha mita 1.7 na upana wa mita 1.2, na kutoka fremu hadi fremu tuweke mita 1.8. Unahitaji nafasi saba, maana yake mistari minane ya fremu. Ukipandisha ngazi tatu unafika mita 5.1, na fundi akisimama hapo anagusa juu kabisa. Hizo ni fremu 24. Misalaba, miwili kila nafasi, mbele na nyuma, katika ngazi zote tatu: 42. Vibamba vya chini 16, na chini ya vibamba hivyo vipande vya mbao nene, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya Dar es Salaam ni mchanga na mvua moja inatosha kuzamisha mguu mmoja. Kisha mbao za kukanyagia, ngazi ya kupandia, vyuma vya kujikinga kimo cha kiunoni, na ubao mwembamba wa pembeni usawa wa mguu ili mwiko usidondoke kichwani kwa aliye chini.

Huo ni ukuta mmoja. Anza na vyuma vya kuta mbili, ili fundi wa plasta akiwa anamaliza mmoja vijana wako wawe wanafunga wa pili. Fremu 48 na vifaa vyake vyote zina faida kuliko fremu 100 zisizo na misalaba ya kutosha. Nimeona yadi zilizojaa fremu ambazo haziwezi kutoka kwa sababu mwenyewe alinunua kile kinachoonekana kikubwa na kusahau vidogo.

Kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea, nenda na mizani. Bomba la kawaida la majukwaa lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Likiwa na unene wa milimita 3.2, mita moja ina uzito wa kilo 3.56, kwa hiyo bomba la mita sita ni kilo 21 na kitu. La unene wa milimita 2 halifiki kilo 14. Kwa macho, mabomba hayo mawili ni pacha. Yakishapakwa rangi hata fundi hawezi kuyatofautisha. Muuzaji atakuambia geji ni ile ile. Wewe lipime. Fremu za bomba jembamba zina kazi zake, lakini lazima ujue ulichonunua ili ujue utakachokikataa. Na mwulize anayechomelea kama atazungusha weldi bomba zima au atagusa pande mbili tu. Wale wa kugusa pande mbili waache.

Kukataa ni sehemu ya kazi hii, na nitatoa mfano. Tofali la saruji la inchi sita, lisilo na tundu, lina uzito wa kilo 30 hivi. Jukwaa la kazi nyepesi, la plasta na rangi, kwa viwango vya Ulaya hubeba kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Nafasi yetu ya mita 1.8 kwa 1.2 ni mita za mraba 2.16, kwa hiyo inastahimili kilo 324, tena zikiwa zimesambazwa. Panga hapo matofali kumi: kilo 300. Mwongeze fundi na msaidizi wake, umepita kilo 400, na karai la saruji bado. Ndiyo maana nasema miaka ya mwanzo fanya plasta, rangi, dari na vioo. Mteja akitaka jukwaa la kujengea tofali, awe tayari kulipia vyuma vizito na nafasi fupi zaidi, au umwache aende. Usimwambie fundi "usipange matofali mengi." Atapanga. Ana kazi ya kumaliza kabla ya jua kuzama.

Halafu kuna kulifunga jukwaa ukutani. Kanuni za Marekani zinasema jukwaa likizidi kimo mara nne ya upana wa kitako chake lazima lishikiliwe na jengo lisipinduke. Kitako chetu ni mita 1.2, mara nne ni mita 4.8. Sisi tumepanda hadi 5.1. Kwa hiyo hata ukuta ule wa ghorofa moja, ambao kila mtu angeuita kazi ndogo, unatakiwa uwe na vishikizo vya kuingia dirishani au kwenye ukuta wenyewe. Vijana wa saiti hawafanyi hivyo kwa sababu vishikizo vinakaa njiani mwa plasta. Kikosi chako kitapatana na fundi: anapiga plasta upande huu, kishikizo kinahamia upande ule, na kiongozi wako yupo anasimamia.

Na nyaya za TANESCO, msikilizaji. Sinza, Manzese, Kariakoo, barabara nyembamba zote, laini za kilovolti 11 na 33 zinapita karibu na kuta mpya kwa sababu watu wamejenga hadi mwisho wa kiwanja. Mrunda mkavu na bomba la chuma havina tabia moja mbele ya umeme. Anayebeba bomba la mita sita huliinua wima bila kutazama juu. Ukifika kupima kazi ukaona waya, kazi hiyo haianzi mpaka mteja awaite TANESCO na uone kwa macho yako walichofanya. Siku mbili za kusubiri mteja atakununia. Mwache anune.

Karatasi za serikali nitazipitia haraka, kwa kuwa si ngumu kama watu wanavyozitangaza. Jina la biashara au kampuni unasajili BRELA kwa mtandao, namba ya mlipakodi TRA, leseni halmashauri. Kwa biashara hii naona ni bora usajili kampuni mapema, maana wakandarasi wakubwa hupendelea kuandikiana mkataba na kampuni, na nyumba yako usiichanganye na madeni ya vyuma. Kwa kuwa utafunga mwenyewe, pita Bodi ya Usajili wa Makandarasi uulize kazi yako inaangukia kundi gani. OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wanatakiwa wakujue. Wana mafunzo ya kufanya kazi mahali pa juu, na kiongozi wa kikosi chako awe wa kwanza kupelekwa. Kijana asiye na mtaji asisahau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vijana watano waliokuwa wasaidizi wa mafundi wakiomba mkopo wa kazi wanayoijua wana hoja ya kuiweka mezani.

Pa kukaa kidogo ni kwenye bima. Vijana wako uwaandikishe NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako anayechangia ni mwajiri. Kijana akiumia, matibabu na fidia vinatoka huko. Lakini WCF inamhusu mfanyakazi wako tu. Fundi plasta aliyepanda jukwaa lako ni mfanyakazi wa mtu mwingine, na mara nyingi hajaandikishwa popote. Mama aliyekuwa anapita chini na mtoto mgongoni naye hayumo. Kwa ajili yao unahitaji bima ya kuwafidia watu wa nje ya kampuni yako, na gharama yake iingie kwenye bei ya kila ukuta tangu kazi ya kwanza. Anayekuambia hiyo ni hasara hajawahi kukaa kwenye benchi la hospitali akisubiri ndugu wa majeruhi wafike.

Kinachoiua biashara hii kimya kimya, kuliko ajali na wizi, ni kazi kusimama. Mkandarasi anakodi kwa wiki mbili. Wiki ya pili mwenye jengo hajatoa fedha, mafundi wanaondoka, jukwaa linabaki pale. Ukiuliza unaambiwa, "Kaka, vumilia, hela inatoka Ijumaa." Ijumaa ngapi? Vyuma vyako vinalala huko miezi miwili bila senti, na kazi nyingine zinakupita. Tuseme gharama ya fremu moja, pamoja na vifaa vyake, ni sawa na kodi yake ya siku 120. Kama inatoka nusu ya siku tu, mtaji unarudi baada ya siku 240, na hapo hujalipa kikosi wala gari. Ikikwama miezi miwili saiti bila malipo, hesabu hiyo yote inasogea.

Kwa hiyo mkataba useme mambo machache kwa lugha ambayo fundi na mwenye nyumba wote wataielewa. Kodi inahesabiwa hadi siku vyuma vinaporudi yadi, kazi iwe imesimama au haijasimama. Nusu ya malipo inatangulia. Malipo yakichelewa siku kadhaa mlizokubaliana, kikosi kinakuja kufungua. Hapa tena utaona faida ya kuwa na kikosi chako: aliyekodisha vipande hana mtu wa kupanda kuvishusha, anabaki kubembeleza. Wewe unatuma vijana wanne na gari. Mara nyingi wakishafika getini na mkataba mkononi, fedha inapatikana.

Kikosi chenyewe kiwe cha watu wanne, na mmoja wao awe kiongozi mwenye mamlaka ya kumkatalia mteja hata wewe usipokuwepo. Watafute miongoni mwa wale waliopanda mirunda miaka mingi. Hofu ya juu hawana, kinachobaki ni kuwafundisha kuvaa mkanda wa usalama hata wanapoona aibu kuuvaa. Walipe kwa mwezi, angalau kiongozi na mwenzake mmoja. Ukiwalipa kwa ukuta watakimbizana na idadi, na jukwaa lililofungwa kwa haraka linafanana na lililofungwa vizuri mpaka siku ya upepo. Kila baada ya siku saba, na kila baada ya mvua kubwa, kiongozi arudi kulikagua lililosimama, aandike kwenye daftari, mteja asaini.

Masika ikifika, Machi hadi Mei, kazi za nje zitapungua. Huo ndio muda wa kupiga brashi na kupaka rangi upya, hasa ukiwa na kazi za Masaki, Kigamboni au Mbweni ambako chumvi ya bahari inakula chuma kutoka ndani ya bomba, mahali usipopaona. Chagua rangi ambayo hakuna mwenzako mjini anayeitumia, na piga chapa ya kampuni yako kwa weldi kwenye kila fremu, kwa sababu rangi inakwanguliwa na wauza vyuma chakavu hawaulizi maswali mengi.

Ukishamaliza mwaka wa pili na kuta zako mbili zinatoka kila wiki, usikimbilie fremu nyingine. Nunua propsi za chuma za kushikilia slabu. Mkandarasi anayemwaga slabu anakaa nazo wiki tatu, nne, na kodi inatembea muda wote huo bila kikosi kuhamahama. Ila slabu ya unene wa sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, zege tu, kabla ya watu na toroli zao, na hapo nafasi kati ya propsi na propsi hapangi fundi wala mwenye vyuma. Anapanga mhandisi wa jengo, kwa maandishi, na karatasi yake unaipokea kabla gari halijapakia.